Kamera ya Macho Mawili na Bibi wa Agosti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamera na kukatazwa kuitia filamu. Ilikuwa katika ofisi ya habari ya mkoa, hapa Shinyanga, na aliyenikataza alikuwa Mpigapicha Mkuu, mtu mfupi ambaye suti yake ya Kaunda ilipigwa pasi mpaka vifuniko vya mifuko. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini, kubonyeza na kusikiliza. Nilipomuuliza nasikiliza nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Sekunde moja," alisema. "Ukiijua sekunde moja kwa sikio, hakuna mtu atakayekuuzia kamera mbovu."

Nayakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Zuhura, ambaye anapiga picha za harusi Kahama. Baada ya miaka yote hii ya kamera za kidijitali ameamua kurudi kwenye filamu, tena si ile ndogo ya kopo, bali filamu pana. Maharusi wa siku hizi, ananiambia, wanaitaka. Sina ugomvi na maharusi. Ugomvi wangu ni matangazo. Kila siku ananitumia kwenye simu kamera tatu au nne zilizotumika, zimepigwa picha juu ya zulia la mtu, na swali ni lilelile: Baba, ipi ina lenzi kali? Nimemjibu mpaka kidole kimechoka. Sasa naandika mara moja, yeye na wenzake wasome.

Filamu pana ni utepe wa upana wa vidole vitatu hivi, umeviringwa pamoja na karatasi nyeusi ili mwanga usipenye. Unaitia kwenye kamera kivulini, na ikiisha unalamba gundi ya kikaratasi chake na kuibana kama bahasha. Kwa kamera yetu ya ofisini roli moja ilitoa picha kumi na mbili. Kumi na mbili tu. Mpigapicha Mkuu alikuwa na tabia ya kuuliza, roli ikirudi, ni picha ipi uliyoipiga bila kufikiri, naye siku zote aliijua kabla hujamjibu.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Watu wa vijijini waliiita macho mawili. Jicho la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga. Huiweki usoni. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu na kutazama chini kwenye kioo, ambamo mtu anaonekana kushoto kukiwa kulia. Inachukua mwezi kuizoea. Ila ilikuwa na jambo moja ambalo hakuna tangazo la Zuhura linalolitaja: ili upige picha, lazima uinamishe kichwa. Mpigapicha Mkuu alinionyesha siku tulipokwenda kupiga picha za wazee kwenye mnada wa ng'ombe. Mzee wa Kisukuma aliyekataa katakata kukaa mbele ya mwandishi mmoja aliyefumba jicho moja na kumlenga, alikaa mbele yetu bila neno. Kwake tulikuwa tumeinama, basi tulikuwa na adabu.

Nilifanya kazi ofisi ile mpaka filamu zilipoacha kuja. Nilipiga majosho, maghala ya pamba, madaraja yaliyozinduliwa na madaraja yaliyosombwa. Kisha nikahamia kampuni moja ya kutafuta dhahabu upande wa Geita, wakati ambapo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mameneja. Hapo ndipo nilipotakiwa kuchagua kamera iliyotumika, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Meneja wa Mahusiano ya Jamii alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mchapakazi na mwenye haraka. Alitaka kampuni itoe kalenda ya wazee kumi na wawili wa vijiji vilivyotuzunguka, kila mzee na mwezi wake, kwa rangi. Wazo lilikuwa zuri, nalikiri mpaka leo. Aliniambia niandike dokezo la kamera. Nikaandika kurasa mbili.

Kamera zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha Kiswidi, kizuri kuliko vyote, ambacho unaweza kubandua mgongo wenye filamu na kubandika mwingine katikati ya kazi. Lakini ukikosea mpangilio wa kuvuta na kubandua, kinajifunga, na fundi wa kukifungua tuliyemjua alikuwa Nairobi. Ya pili ilikuwa macho mawili, tena ileile ya ofisi ya mkoa. Mpigapicha Mkuu, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aliinunua ofisi ilipouza vitu vyake. Ngozi ilikuwa imebanduka ubavuni, lakini pazia lake, yaani kile kijimlango kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, likipangwa sekunde moja, lilikuwa bado linakaa wazi sekunde kamili. Ya tatu ilikuwa ya mjiolojia aliyekuwa anarudi kwao. Ya Kijapani pia, mpya kama imetoka dukani, inajipimia mwanga yenyewe, picha kumi na sita kwa roli, na ina flashi yake ndogo inayochomoza juu ya lenzi.

Nilipendekeza macho mawili. Niliandika wazi kwamba flashi yake hufungwa kwenye mkono wa chuma pembeni, mbali na lenzi, na kwamba flashi iliyo karibu na lenzi ikipigwa gizani hurudisha wekundu wa ndani ya jicho. Niliupigia mstari ukurasa huo.

Kikaoni mjumbe mmoja wa manunuzi aliuliza kama jicho la pili ni la akiba. Watu wakacheka. Meneja akafunga faili langu.

"Mzee, sisi ni kampuni," alisema. "Hatuwezi kwenda vijijini na kamera ya babu yako."

Wakanunua ya mjiolojia. Jioni ya kumuaga mwenyewe niliijaribu, nikampiga picha Meneja akikata keki.

Sasa nimlete Bibi Kabula, maana ndiye mwenye kisa. Aliishi kijiji kimoja mbele ya Runzewe, mjane, mpole, mcheshi, na macho yake yalikuwa mekundu. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo, lakini wa mbali aelewe. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Ni moshi. Na huku kwetu wapo watu waliouita moshi huo uchawi, na wapo akina mama waliopigwa na kuuawa kwa jina hilo. Bibi Kabula alikuwa mwezi wa nane katika orodha ya Meneja.

Tulipofika, nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akaniuliza kama picha itakuwa nyeusi na nyeupe. Nikamwambia kampuni inataka rangi. Akasema jua la nje linamuumiza macho, tumpigie picha ndani. Ndani kulikuwa giza, na mboni za mtu gizani hupanuka. Nilijua. Nilikuwa nimeliandika na kulipigia mstari. Niliiweka kamera usoni, nikafumba jicho moja, flashi ikachomoza, nikabonyeza. Wa kulaumiwa hapo si Meneja wala mjumbe wa manunuzi. Nilibonyeza mimi.

Picha ziliporudi kutoka Mwanza nilizipanga mezani. Bibi Kabula alikuwa anatabasamu, na mboni zake mbili ziliwaka kama makaa. Masanja, dereva wetu, mzaliwa wa Runzewe, alikuja kuchukua funguo. Akaiona. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kifudifudi.

"Baba Zuhura," alisema, "hii inatundikwa wapi?"

Nikamwambia: kila ofisi ya kijiji, kila duka, kila baa kuanzia Runzewe mpaka Mwakitolyo.

"Basi yule mama tumemmaliza."

Nilijaribu kwanza kuzipaka mboni wino mweusi kwa brashi ya nywele tatu, kama tulivyofanya zamani. Zikawa mashimo, mbaya kuliko wekundu. Nikaenda kwa Meneja. Alisikiliza amesimama. Zilikuwa zimebaki siku nne kazi iende kwa mpiga chapa. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakikuwa upuuzi.

"Mzee, hizo ni imani potofu. Tukianza kuzibembeleza hatutamaliza. Waelimisheni watu."

"Nakubali," nilisema. "Elimu ianzie kwenye uso wa mtu mwingine."

Akaniambia nisimfanye adui wa bibi. Nami nilikuwa nimeshachoka kueleza. Nikatoa bahasha ya pili, nikaweka mbele yake picha ya keki. Kamera ileile, flashi ileile, taa za ukumbi zimefifia. Meneja wetu, kisu mkononi, macho mekundu kuliko ya Bibi Kabula.

"Tuweke hii Agosti," nilimwambia. "Wewe unalala ndani ya uzio wenye walinzi."

Aliitazama muda mrefu. Akavuta kiti akakaa, mara ya kwanza tangu niingie. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ile kamera ya babu iko kwa nani.

Masanja alinipeleka Shinyanga siku hiyohiyo. Mpigapicha Mkuu alinipokea mlangoni akiwa na kanzu, maana ilikuwa Ijumaa, akasikiliza habari yote bila kunikatiza. Nilitegemea anionee huruma. Aliniuliza tu roli ya Bibi ilikuwa na picha ngapi, na nilipiga ngapi bila kufikiri. Kisha akanipa kamera, mkono wa chuma na flashi, na kunitaka niisikilize sekunde moja mbele yake kabla sijaondoka.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa Bibi Kabula. Sikumficha. Nilimweleza kwamba picha ya kwanza ilitoka vibaya, na vibaya vipi. Hakuhitaji maelezo marefu. Alitazama mlango wa jirani, akanitazama mimi.

"Nilikuuliza nyeusi na nyeupe," alisema.

Nikamwambia ndiyo, aliuliza.

Tulimweka upenuni, kwenye kivuli, uso ukielekea uwanja mweupe uliofagiliwa, ambao hurudisha mwanga laini. Masanja alimtania kwa Kisukuma, eti akikunja uso wachumba watamkimbia, Bibi akamjibu kwamba mchumba aliyekimbia ndiye aliyemtuma Masanja aje kumposea. Flashi niliiweka mbali, mkono umenyooka kushoto, nguvu kidogo tu ya kufuta vivuli vya chini ya nyusi. Pazia la kamera hii limo ndani ya lenzi, hivyo linakubaliana na flashi kwa mwendo wowote hata mchana. Hilo nalo lilikuwa kwenye dokezo langu, ukurasa wa pili. Nikaiweka kamera tumboni. Nikainama.

"Sasa ndiyo unanipiga picha," alisema Bibi Kabula. "Juzi ulikuwa unanilenga."

Nilipiga kumi na mbili, na zote nilizifikiri.

Kalenda ilitoka. Agosti ilikuwa Bibi Kabula, mtandio wa bluu, mboni nyeusi zenye nukta ya mwanga, wekundu wa moshi ukionekana kwa mbali kama uchovu wa mtu yeyote. Meneja aliondoka mwaka uliofuata kwenda kampuni nyingine, na kabla ya kuondoka alinipa ile picha ya keki nimtunzie. Kamera ya mjiolojia iliendelea kupiga mitambo na mawe, kazi ambayo iliifaa sana. Macho mawili nilimrudishia mwenyewe, na alipofariki familia yake ikaniletea. Ninayo kabatini.

Nimestaafu sasa, na vijana wanaponiuliza habari za kamera zilizotumika nawapa orodha yote. Imulikeni lenzi kwa tochi mwone kama ina ukungu. Fungueni mgongo kwenye giza, mmulike kwa ndani, mtafute matundu. Sikilizeni sekunde. Ulizeni fundi yuko wapi kabla ya kuuliza bei. Wanaandika yote, kisha wananiuliza lenzi ipi ni kali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nani atakaa mbele yake.

Bibi Kabula aliishi miaka mingi baada ya kalenda ile. Masanja alinipigia simu siku ya msiba, nikaenda. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, wajukuu wakiwa nje. Juu ya meza ndogo kando ya jeneza waliweka picha yake pekee waliyokuwa nayo, ukurasa wa Agosti, na kwa kuwa hawakutaka kuukata, tarehe zote thelathini na moja zilikuwa bado ziko chini ya kidevu chake. Watu walipita mmoja mmoja wakimtazama machoni.

Leo asubuhi Zuhura amenitumia nyingine. Nyeusi, inang'aa, juu ya zulia. Anasema muuzaji hasubiri, ana mteja mwingine, nijibu upesi. Nimekuza picha ile mpaka ikapasuka, nikaona kifuniko kidogo juu ya lenzi, kama kile cha kamera ya mjiolojia. Nimemwandikia neno moja tu: flashi inakaa wapi?

Bado hajajibu. Kamera ya kabatini nimeitoa, nimeifuta vumbi, nimeisikiliza. Sekunde moja kamili.