Shimo la Josho Nililolijaza kwa Wimbo

Kisima chetu kilianza kuua katikati ya mvua.

Si kiangazi. Mvua! Novemba 1987, Kathonzweni yote iko kijani, na mbuzi wanaanguka kando ya birika la kunyweshea, miguu ikipiga hewa kama wamechinjwa.

Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Siku ya tatu mama yangu, Mbula, alilala chini akitapika. Alisema mdomo wake una ladha ya msumari.

Mimi ni Muthama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na upande huo hakuna aliyeniweza kwa kutunga nyimbo. Hakuna aliyenifundisha pia. Kwetu, kijiji kikitoka pamoja kwenye mwethya kuchimba au kulima, anayeimbisha ndiye anayeongoza. Nikikutaja vibaya kwenye wimbo, umeisha. Hata mkeo atauimba akichota maji.

Hilo likumbuke.

Karibu na kisima alikuwa amepiga kambi Ugas, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki. Mtu mmoja akasema amemwona akimwaga unga mweupe kwenye birika. Tukamzunguka, watu kama hamsini.

"Ni magadi!" Ugas alisema. "Ya mbuzi kulamba. Warya, mbuzi yangu kumi na moja imekufa. Mimi najiua mwenyewe?"

"Umeua zako kumi na moja ili utumalize sisi wote," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nikaona nimeshinda. Nikaimba:

*Mgeni kaja na unga, kisimani kautia,*
*Nani mkono kafunga, na mamaye aumia?*

Wimbo haukufika mara ya tatu.

Rungu la kwanza lilikuwa langu. Lilimpata kwenye jicho, nikasikia kitu kikipasuka kama yai. Wengine wakaja na mawe, mipini ya majembe, viatu vya akala. Aliangukia birikani, yale maji ya strungi yakageuka mekundu. Alikuwa akiita jina moja tu: "Barwaqo! Barwaqo!"

Tukaendelea kupiga.

Askari wa chifu walipofyatua risasi hewani, tulitawanyika. Ugas alipelekwa hospitali kwenye mkokoteni. Jicho lile halikurudi.

Nilifika nyumbani na damu kwenye shati. Mama akaiangalia kutoka kitandani.

"Nimemaliza aliyekutilia sumu, mwaitu."

"Mimi nilikutuma?" akauliza, akageukia ukuta.

Kesho yake mbuzi wengine sita walikufa.

Ugas yuko hospitali, hawezi hata kukaa. Na mbuzi wanakufa.

Ndipo alipoitwa Nzioka, mtu wa udongo kutoka kituo cha utafiti cha Kiboko. Alifunga kisima, akachukua maji kwa chupa, akaenda; mama akaanza kupata nafuu. Wiki tatu baadaye alirudi na karatasi. Alipanda mteremko kutoka kisimani, hatua kama sitini, hadi kwenye josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, lililofungwa tangu nikiwa mtoto. Sisi nyuma yake. Akasimama kando ya shimo lililojaa samadi.

"Nani amejaza hapa?"

"Mimi!" nikasema, kifua mbele. "Mikokoteni arobaini. Niliongoza mwethya nzima. Nilisoma kwamba samadi ikiwekwa shimoni inaiva vizuri, na hili lilikuwa limeshachimbwa."

Nzioka alichuchumaa. Maji meusi yalikuwa yakivuja chini ya lile rundo.

"Josho lilitumia aseniki kuua kupe," akasema. "Maji machafu yakamwagwa humu miaka mingi. Huu udongo mwekundu una chuma. Chuma kikaishika ile sumu, ikatulia. Ndiyo maana mmekunywa hapa bila shida."

"Sasa?"

"Sasa wewe umeleta samadi. Ikioza ndani ya maji inamaliza hewa yote. Vidudu vinakigeukia chuma, chuma kinayeyuka, kinaiachilia sumu. Na huo weusi wa samadi unaibeba, hata udongo wa njiani unashindwa kuishika tena. Mvua ikaisukuma mpaka kisimani."

"Lakini samadi ni kitu kizuri!"

"Shambani ni nzuri. Hapa umeamsha sumu iliyolala."

Nikageuka kumtafuta Ndululu.

Mzee Ndululu ndiye aliyesimamia josho lile zamani. Agosti, tulipoanza kujaza shimo, alikuja na fimbo yake akasema, "Hilo shimo liacheni, vijana." Nikamjibu kwa wimbo:

*Mzee ahofu shimo, na bado hajafukiwa,*
*Jembe lake ni la domo, kazini halijatiwa.*

Alirudi nyumbani bila kusema kitu.

"Ulijua?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Nilijua kuna dawa kali humo. Lakini uliniimba, Muthama. Wajukuu wangu wenyewe waliniimbia mlangoni. Ningesema mara ya pili na mdomo gani?"

Ugas alirudi siku ya soko, mke wake amemshika mkono. Huyo ndiye Barwaqo.

Sikujificha. Nilisimama katikati ya mbuzi, nikasema yote kwa sauti. Shimo ni langu. Wimbo wa uongo ni wangu. Rungu ni langu.

Wale wale tuliompiga nao wakaokota mawe. Safari hii walikuwa wananitazama mimi.

"Wachana na yeye!" Ugas akapaza sauti. "Huyu ni yangu."

Wakampisha. Akanitazama kwa lile jicho moja.

"Rungu yako ilikuja baadaye," akasema. "Kwanza ulinipiga na hii."

Akagusa midomo yangu kwa ncha ya bakora. Kisha akaizungusha kwa nguvu zake zote.

Meno matatu. Niliyatema kwenye vumbi, nikabaki nimesimama.

"Sasa imba," akasema, akaenda kuangalia mbuzi.

Kisima kipya tulichimba mahali alipotuonyesha Ndululu. Niliimbisha mimi, damu bado mdomoni, na jina nililolitaja vibaya kwenye wimbo huo lilikuwa langu.

Mpaka leo nikitamka "sumu", pengo linapiga mluzi.

Wewe unayependa kuwasha umati kwa maneno matamu, nisikilize. Kabla hujamtaja mwenye makosa, mtafute kwanza yule uliyemnyamazisha. Huenda yeye ndiye alikuwa anajua.