Profesa wa Faragha na Tembo wa Robanda

Profesa Simioni alikuwa amebandika plasta ya kidonda kwenye kamera ya kompyuta yake, na simu aliilaza kifudifudi popote alipoketi, hata kanisani. Mama yake mzazi pale Natta hakuijua namba yake ya pili. Chuoni alifundisha sheria ya faragha na teknolojia ya habari, na wanafunzi wake walitoka darasani wakiogopa hata kuitana majina.

Hakuzaliwa na woga huo. Kabla ya sheria alikuwa mwandishi wa habari, tena wa wale ambao ukipiga chafya Mugumu, kesho gazeti limeutaja ugonjwa. Habari iliyompa jina ilikuwa ya mwaka 2009: "BIBI WA TEMBO". Tembo walivuka kutoka hifadhini wakafyeka mahindi ya Robanda, wakaliacha shamba moja tu, la Bhoke. Simioni akaandika kwamba mwanamke huyo huongea na tembo. Habari ikampa tuzo, tuzo ikampa ufadhili wa masomo, masomo yakampa uprofesa. Bhoke alichopata ni kuogopwa kama mchawi na kuachiwa kisima peke yake kila alipofika.

Likizo hii Bhoke alimfuata Natta, akamkuta uani na mama yake aliyekuwa akipepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Binti yangu Regina anachumbiwa. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Mbalibali kuuliza ukoo. Zamani waliuliza majirani, siku hizi wanauliza simu. Jina langu uliliweka wewe humo. Nataka ulitoe."

Profesa alifurahi, maana jambo hilo alikuwa na mhadhara wake mzima. Alieleza haki ya mtu kufutiwa taarifa zake, akapitia nchi tatu za Ulaya, akatua: "Liandikie gazeti ombi. Ambatanisha kitambulisho. Watakujibu ndani ya siku kumi na nne."

"Leo Jumatano."

"Ndio utaratibu, mama."

"Na ile iliyo kwenye ukurasa wako mwenyewe? Regina kanionyesha. Iko chini ya picha yako umevaa tai."

Profesa akakohoa. Ile, alisema, ilikuwa pale kama mafanikio ya kitaaluma, na mambo ya taaluma hayaguswi ovyo.

Mama yake akaweka ungo chini. "Simioni. Ulisema neno juu ya mji wa mtu?"

"Niliandika, mama."

"Kwetu neno halifutwi kwa karatasi. Aliyelisema anaketi mbele ya wakwe, analirudia au analimeza. Utaenda."

Jumamosi akaenda Robanda, nyumbani kwa Bhoke. Mzee Daudi, baba mdogo wa bwana harusi, alimpima kwa macho kuanzia viatu.

"Wewe ndiye uliyemwona huyu mama akiongea na tembo?"

"Mzee, lazima tuangalie muktadha wa uandishi wa wakati ule..."

"Mwanangu, nimekuuliza macho. Uliona?"

"Sikuona."

"Shambani ulifika?"

"Robanda... sikufika."

"Ulikuwa wapi?"

"Mugumu."

"Mugumu wapi?"

"Baa," alisema profesa. "Alinisimulia dereva wa lori la soda."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatimua kuku. Bhoke akawazungusha nyuma ya nyumba, kwenye shamba lake. Kamba za katani zilizunguka pande zote, zimening'inizwa matambara yaliyolowa oili chafu na pilipili iliyotwangwa.

"Tembo hapendi pilipili," alisema. "Ndiyo maongezi yetu yote. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

"Hata sisi Mbalibali wanatumaliza," mzee Daudi alisema, akilinusa tambara moja hadi akapiga chafya. "Ukoo tumeridhika nao. Na hii dawa tutafundishwa."

Waliporudi kuketi, profesa aliomba kwa unyenyekevu kwamba maneno yake yaishie pale pale. Ndipo Philomena, mama wa bwana harusi, alipotoa simu kwenye mkunjo wa kitenge chake.

"Nimekurekodi, na nimeshawatumia waliobaki nyumbani. Sauti imetoka safi kabisa. Hata pale pa baa."

"Mama, huko ni kuvunja faragha! Ifute!"

Bhoke alikuwa akimmiminia togwa. "Andika ombi, mwalimu," alisema. "Ambatanisha kitambulisho."

Jioni ile Bibi wa Tembo alitoweka kwenye ukurasa wa profesa, bila ombi wala kitambulisho. Wakati huo sauti ya profesa na dereva wake wa soda ilikuwa imeshafika Sirari mpakani, simu kwa simu.