Hatua Nilizotembea Nikiwa Nimekaa

Daktari alisema figo yangu inamfaa mdogo wangu, ila uzito wangu haufai. Nipunguze kwanza kilo nane, ndipo nikubaliwe kutoa. Alinipa miezi mitatu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amehamia kwangu Jomvu Kuu ili awe karibu na mahali anaposafishwa damu, aliitikia kwa kichwa tu. Nikamwambia kilo nane si kitu. Mimi ni mwepesi wa kuahidi.

Nilinunua saa ya kuhesabu hatua kwenye duka la simu huko Changamwe, karibu na kiwanda ninachofanyia kazi ya ukarani wa stoo. Mwenye duka akaiunganisha na programu ya kwenye simu, ile inayokupangia kwa siku ule kalori ngapi. Programu ikataka kujua maisha yangu ni ya namna gani. Majibu yalikuwa manne, kuanzia mtu wa kukaa mpaka mtu wa shughuli nyingi sana. Lile la kwanza nililichukia papo hapo. Kwetu mwanamke akiitwa mtu wa kukaa, ametukanwa. Ninaamka mapema, nafua, napika, naenda kazini, narudi napika tena, na Jumamosi niko kanisani na akina mama wenzangu. Mimi na kukaa, wapi na wapi? Nikabonyeza la mwisho. Ukweli ni kwamba huko stoo nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, nikiandika nani kachukua glavu na nani kachukua buti, lakini kiti hicho sikukifikiria.

Programu ikanipangia chakula kingi kuliko nilichokuwa nikila kabla ya kuanza kupungua. Niliona ina utu.

Saa nayo ilikuwa karimu kwa namna yake. Saa ya mkononi huhesabu jinsi mkono unavyokwenda. Karibu kila jioni nilikuna nazi ya kupikia, na mkono wenye saa ukawa unakwenda mbele na nyuma kama wa askari kwenye gwaride. Mimi nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia, miguu imetulia, na saa inaandika hatua. Hatua zikiongezeka, programu inaniongezea kalori za kula. Nililiona hilo katika wiki ya kwanza, nikajitetea moyoni kwamba kukuna nazi ni kazi, na atakayebisha aje akune.

Mwezi wa pili kukawa na matanga kwa jirani, na sisi akina mama wa kanisa tukapewa kazi ya kupika wali wa nazi. Nilikuna tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Mama mmoja alinishika mkono, akaisoma saa, akawatangazia wenzake kwamba mwenzao amekaa pale pale na ameshatembea hadi mji wa Mariakani. Tulicheka sana. Wali ulipoiva nilipakua sahani mbili, moja ya haki yangu na moja ya Mariakani. Mdogo wangu alikuwa mkekani kando yangu na chakula chake cha kupimiwa, hakina chumvi. Aliitazama sahani yangu ya pili, kisha akarudi kwenye yake.

Miezi mitatu ilipotimia nilipanda mizani ya hospitali nikiwa nimevua viatu, mkanda na hereni. Nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu.

Mtaalamu wa lishe, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliomba aione simu yangu.

"Mama, kazi yako ni ya kubeba mizigo?"

"La, mimi ni karani."

"Basi hapa umejidanganya." Akanionyesha. Ile ngazi ya shughuli nyingi sana niliyoibonyeza ilikuwa imeshanipa chakula cha mtu ashindaye kwa miguu. Kisha saa ikaongeza juu yake chakula cha hatua, na nyingi za hatua zenyewe zilikuwa nazi. "Weka mtu wa kukaa. Ukitembea kweli, saa itakuongezea yenyewe. Na ukikuna, ivue."

Daktari akasema turudi baada ya miezi mitatu mingine. Alisema pia, bila kupandisha sauti, kwamba kwa mgonjwa miezi mitatu ni mingi.

Mdogo wangu alikuwa akiningoja kwenye benchi nje. Nikamweleza habari ya ngazi na saa kwa maneno mengi, nikiilaumu programu, nikimlaumu na mwenye duka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi niliona, dada," akasema. "Tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa naiona sahani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nikuombe figo, halafu nikunyime na wali?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikakaa kando yake kungoja, kwa kuwa siku ile ilikuwa pia zamu yake ya mashine. Muuguzi alipomwita, alinishika bega ili ainuke. Uzito wake wote ulinijia pale begani, nao ulikuwa mdogo mno.