Tumbo la Kabula

Nakumbuka siku moja, mwanangu, baba alirudi kutoka kanisani akaketi bila hata kuvua koti. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba dada yangu Kabula, ambaye hajaolewa, ana mimba. Tumbo lilikuwa limevimba kweli, ila mikono ilizidi kukonda. Kabula alilia, akaapa kuwa hajalala na mwanamume yeyote. Baba hakumsikiliza. Akaniagiza nimpeleke kwa shangazi, kijijini Bujora, aibu ikaishie huko.

Shangazi alimtazama Kabula usoni, hata shikamoo yetu hakuiitikia.

"Mimba gani hii inayomkausha mtu?" aliuliza.

Akampakia kwenye baiskeli, nami nikamshika dada yangu kwa nyuma asianguke. Kabla ya kufika zahanati alitapika damu. Usiombe kuona damu ya ndugu yako mchangani.

Tabibu alitaka kujua tunaoga wapi. Nikamwambia ziwani, kwetu Kirumba, kule kwenye majani. Ndiko tulikofulia na kuogelea tangu utoto. Akasema kwenye majani yale wanaishi konokono wadogo, na kwao hutoka viminyoo visivyoonekana, vinavyopenya ngozi ya mtu akiwa majini. Kilikuwa kichocho, na kilikuwa kimeshaharibu ini. Nikaanza kujikuna miguu pale pale. Maji yale si tulioga wote?

Kabula alipolazwa hospitali mjini, baba alikuja, akainama kando ya kitanda.

"Nisamehe, mwanangu. Niliwasikiliza watu, wewe nikakuacha."

Nami nilikutwa na kichocho, nikameza vidonge, nikapona. Kabula aliishi, lakini hakubeba tena ndoo ya maji, na kila alipokohoa mama aliacha alichokuwa akifanya, aje kutazama kama kuna damu. Mpaka leo tumbo likiniuma kidogo tu, nakwenda kupima.

Ndiyo maana nakugombeza ukirudi umelowa. Ziwa linatulisha, silisemi vibaya. Ila usiogelee penye majani, wala usijisaidie ufukweni, maana konokono wale huupata ugonjwa kutoka kwenye uchafu wetu wenyewe. Vidonge vya kichocho vikiletwa shuleni, meza, hata kama vinachefua. Na tumbo la binti wa watu likivimba, mpeleke hospitali kwanza, maneno yasubiri.

Mungu akulinde ndani ya ngozi yako, mwanangu, asikupe ugonjwa wa kuuficha kwa aibu, na ukiugua akupe mtu wa kukuamini.