Hatua Elfu Tisa kwa Siku

Kwenye karakana ya sare za shule alikofanya kazi miaka kumi na tisa walimwita Daftari, na jina hilo alilivaa kama kanzu iliyomkaa. Alikuwa mpimaji na mkataji. Mtoto akisimamishwa mbele yake, alimzungushia futikamba kifuani, kiunoni, nyongani, akashusha kutoka kiunoni hadi gotini, akitaja tarakimu kwa sauti mara moja tu. Hakuandika kitu. Aliweza kupima darasa zima asubuhi, akala, akacheka, akagombana na mpiga pasi, kisha alasiri akashika chaki na kuchora sketi ya kila mmoja bila kumuuliza mtu.

"Daftari, yule mwembamba wa mwisho je?" mpiga pasi humjaribu.

"Kiuno hamsini na nane. Na usimcheke mwenzako, wewe mwenyewe hilo shati linakuvaa."

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Jicho moja likafunga ukungu kwa majuma mawili, likafunguka. Daktari aliuita ugonjwa huo maltipo sklerosisi, akamweleza polepole: kinga ya mwili wake imekosea adui, inatafuna utando unaofunika neva, na habari zinazotoka kwenye ubongo zinachelewa njiani, nyingine hazifiki. Mguu aliusamehe. Alinunua fimbo, maisha yakaendelea. Kilichomtisha ni tarakimu. Alikuwa akitaja vipimo vinne, anageuka, anapiga hatua tano hadi kwenye meza ya kukatia, na anafika na viwili.

Hakumwambia mtu. Wala hakuandika. Angeandikaje? Watu wangesema nini wakimwona Daftari amenunua daftari? Akawa anakisia kwa macho, na macho yalimstahi kwa muda, hadi msimu wa kufungua shule, alipozipa sketi thelathini na sita za darasa la saba urefu wa darasa la pili.

Mwenye karakana alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja. Alifunga mlango wa stoo ndipo akazungumza.

"Mdogo wangu, una nini?"

Akamweleza yote, akiwa amekaa juu ya robota la kitambaa cha kijivu. Dada mtu alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha bitana, kisha akarudi kuwa mwenye karakana.

"Sikufukuzi. Utapinda pindo ukiwa nyumbani. Siku utakayoniletea karatasi ya hospitali kwamba kichwa kimetulia, meza ni yako. Kwa sasa nitaweka mkataji wa muda."

Basi cherehani ya miguu ikahamishiwa chumbani kwake, chini ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kila Jumatatu mpiga pasi alimletea furushi la sketi kwa baiskeli na kuchukua zilizokwisha. Mwanzoni alikuwa akiingia, anakunywa maji, anamwaga habari za karakana. Baadaye akawa anasimama mlangoni. Baadaye tena alipiga kengele ya baiskeli tu, akaweka furushi kizingitini, na Daftari alipofika mlangoni na fimbo yake aliuona mgongo ukikata kona. Kulikuwa na siku alizomaliza bila kutumia sauti yake hata mara moja, na jioni alipojaribu kuitikia kitu redioni, sauti ilitoka imekauka.

Ndipo hospitali ikampa nafasi kwenye mpango wa mazoezi kwa simu. Walikuwa wakikusanya wagonjwa wenye maradhi kama yake, ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimepungua kasi, ili waone kama kuuzoeza mwili kungeusaidia ubongo. Wiki kumi na mbili. Walimpima kumbukumbu mwanzo, wangempima tena mwisho, na kila mshiriki angepewa karatasi ya matokeo. Aliposikia neno karatasi, aliweka sahihi kabla mtu hajamaliza kumsomea fomu.

Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpigia. Hawakuwahi kuonana. Alikuwa sauti ya mwanamke, changa kidogo, nyuma yake feni inayolalamika. Daftari alimwita Mwalimu.

"Mama, umeshika kiti?"

"Nimekishika hadi kinaomba msamaha."

"Haya, piga mguu hapohapo ulipo, kama askari. Na kila hatua nitajie mwezi, kuanzia Desemba kurudi nyuma."

"Desemba, Novemba, Oktoba..." Akifika Juni pumzi inakata, akifika Machi mwezi unaofuata unajificha. Mwalimu hakuwahi kumtajia. Alisubiri, feni ikilalamika, mpaka mwezi ujitokeze wenyewe.

Kwa siku zisizo na simu, kazi ilikuwa kutembea. Walimpa kidude kidogo cha kuhesabu hatua, kinachotuma hesabu hospitali kupitia simu yake. Wengine walikivaa mkononi, lakini mkono wake mmoja ulishika fimbo, na mwingine mara nyingi ulishika ukuta. Kwa hiyo Mwalimu alimwagiza akivae kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ule mzima, kutwa nzima, asikivue ila anapooga. Lengo ni hatua elfu tano. Kikifika lengo kinatetemeka.

Wiki ya kwanza, furushi likiwa dogo, alijikongoja elfu mbili. Wiki ya tatu kidude kilianza kutetemeka kila siku.

"Elfu tisa jana, mama! Unataka kuniaibisha mimi ninayekaa ofisini?"

"Nimechelewa kuanza, sina budi kukimbia."

Mwalimu alicheka. Kicheko kile Daftari alikibakiza chumbani kwa siku nzima, kama mtu anayeacha mlango wazi ili harufu ya mgeni isitoke. Alianza kuchana nywele kabla ya saa nne, ingawa simu haikuonyesha sura. Alijiwekea maswali ya kuuliza mwishoni ili mazungumzo yasiishe: je, maji ya moto yanafaa? Je, kulala mchana? Na kwa kuwa kidude kilikuwa kimeshatetemeka kabla ya adhuhuri, mara nyingi jioni hakwenda kutembea. Kazi imekwisha, alijiambia. Mguu upumzike.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tisa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, hakuwa ametoka hata mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, sketi ya ishirini na moja chini ya sindano, mguu wa kulia ukikanyaga pedali, chini juu, chini juu, ndipo kidude kikatetemeka.

Aliacha kukanyaga. Akakitazama. Elfu tano na kumi na mbili.

Akakanyaga mara kumi, taratibu, akihesabu. Elfu tano na ishirini na mbili.

Alikaa pale muda mrefu, mvua ikipiga ukuta wa jirani. Elfu tisa zile zilikuwa siku za mafurushi makubwa. Hakuwa amemdanganya mtu. Aliambiwa avae kutwa, akavaa kutwa. Lakini kwa wiki sita cherehani ndiyo iliyokuwa ikitembea, na yeye alikuwa amekaa.

Hakuna aliyejua. Zimebaki wiki tatu, kipimo kimoja, karatasi. Huenda kipimo kingemwendea vizuri, huenda hata Mwalimu angeandika neno la ziada kwa ajili ya zile elfu tisa. Dada yake hajui kusoma mambo ya hospitali. Angeona mhuri, angemrudishia meza.

Akachukua gazeti la zamani na futikamba. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo, akataja kwa sauti: kifua tisini na nne, kiuno themanini na moja, nyonga mia na tatu, urefu sitini na mbili. Akageuka. Hatua tano hadi mezani. Akashika chaki juu ya gazeti.

Tisini na nne. Themanini na moja. Halafu palikuwa na kitu kama chumba kilichohamwa.

Ijumaa simu ililia saa nne kamili.

"Mama, umeshika kiti?"

"Mwalimu, nimekaa. Nina neno. Zile hatua si zangu, ni za cherehani."

"Za nini?"

Akamweleza: pedali, mguu wa kulia, sketi. Mwalimu alipasuka kwa kicheko, kicheko cha kweli, na Daftari akacheka naye kidogo.  Feni ilisikika.

"Kosa ni langu," Mwalimu alisema. "Sikukuuliza unafanya kazi gani. Nimekuuliza miezi, nimekuuliza usingizi, sikukuuliza kazi."

"Sasa?"

"Sasa lazima niandike ilivyo. Hesabu zako zitafutwa, mama. Na utatoka kwenye mpango."

"Karatasi?"

"Sitaweza."

"Na Jumanne?"

Mwalimu alichelewa kujibu, na safari hii hakuwa akimsubiri akumbuke mwezi. "Kuna anayengoja nafasi. Saa nne yako watampa yeye. Mazoezi endelea nayo, tafadhali. Ya kweli. Hatua fupi, upumzike, uanze tena."

"Ahsante, Mwalimu. Umenisubiri sana."

Jumatatu hakungoja kengele ya baiskeli. Alivua kidude, akakiweka ndani ya bahasha ya kukirudishia, akafunga furushi la sketi mgongoni kwa mtandio, akashika fimbo. Karakana ilikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa mwili. Yeye alitumia saa moja na nusu. Alipumzika kwenye ngazi za duka la dawa, akapumzika kwenye kiti cha fundi viatu ambaye hakumuuliza kitu, akapumzika amesimama, paji la uso kwenye nguzo ya taa.

Dada yake alimwona kupitia dirishani, akatoka mbio, sindano bado midomoni.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Karatasi haipo, dada. Haitakuwepo."

Ndani, kwenye meza ya kukatia, alisimama msichana mwenye penseli nyuma ya sikio, anasoma vipimo kwenye kitabu cha mistari, anakata, anasoma tena. Alikata vizuri. Daftari alitazama mkasi ukipita mstari mpaka ukingoni, akatikisa kichwa kuukubali.

"Wiki ijayo sitakuacha utembee," dada alisema. "Nitamtuma mtu akuletee."

"Usimtume. Nitakuja mwenyewe kila Jumatatu."

"Mbali, mdogo wangu. Utaanguka."

"Huenda."

 Dada akaenda kumfungia furushi dogo, nusu ya lile la kila wiki. Mpiga pasi alimsalimu kutoka ndani ya mvuke, akiuliza hali bila kusikiliza jibu. Daftari akanywa maji hadi chini ya bilauri, akajifunga furushi, akatoka. Barabarani jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alianza na mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto, akataja Desemba.