Kitenge cha Mama Mkwe

Kwa watu wa ukoo wa Walburga, kule Maguu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajitupa kwenye mibuni ya kahawa mpaka mwenzake apite. Walburga aliishika desturi hiyo tangu binti yake aolewe na Jastin, na asingekuwa na ugomvi nayo kama Jastin huyo huyo asingeletwa kuwa tabibu wa zahanati yao.

Tangu hapo wanawake wa ukoo walikata mguu. Nani amvulie nguo mkwe? Hildegardi, dada yake Walburga, alitokwa damu akaificha kama mtu anayeficha gongo. Alipofikishwa hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshajenga na kuezeka.

Kwa hiyo kilipokuja kipimo kipya cha ugonjwa huo, Walburga alikuwa wa kwanza. Unapewa kijiti chenye brashi laini, unaingia nyuma ya pazia peke yako, unajichukulia majimaji mwenyewe, unakitia kwenye kichupa, unarudi shambani. Hakuna wa kukuchungulia. Hata wifi yake Getrude, anayeona haya kukohoa kanisani, alikubali.

Majibu ya Getrude yalikuja safi. Ya Walburga yalikuja na kirusi. Jastin alimweleza akitazama ukuta, naye akasikiliza akitazama mlango. Si saratani, alisema, ila kirusi hicho ndicho huipanda. Inabidi mlango wa kizazi utazamwe, na palipoanza kuharibika pachomwe kwa kifaa kidogo cha joto kinachoshikwa mkononi. Ni kazi ya muda mfupi, mtu anarudi kwake kwa miguu. Kifaa kipo hapo hapo. Tatizo mkono wa kukishika ni wake yeye, mkwe. Angemwandikia rufaa, akahudumiwe na muuguzi mwanamke Mbinga mjini.

Ilikuwa Machi, barabara imekuwa uji. Walburga alirudi kwenye ngoro zake, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isisombe udongo wa mlimani, akachimba kwa hasira. Getrude akamfuata. Akamsihi angoje kiangazi, barabara ikauke. Kisichouma hakikimbiliwi, na kujilaza mbele ya mkwe ni kuulaani ukoo mzima.

Walburga akaegemea jembe. "Wifi, shimo hili tunalichimba udongo ungalipo, au ukishasombwa hadi ziwani?"

Akainua jembe tena.

"Hildegardi naye alingoja kiangazi. Kilimkuta kaburini."

Asubuhi akaenda zahanati, Getrude nyuma yake akimvuta nguo. Benchi lilijaa wanawake.

"Mkwe, andaa kifaa chako," alisema Walburga toka mlangoni.

Jastin akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Lakini mama, mila..."

"Marahaba. Mila inasema tusionane uso. Huko kwingine imesema nini?"

Benchi likaguna. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Mhudumu wa kike, ambaye hakufundishwa kushika kifaa hicho, akasimama pembeni. Walburga akapanda kitandani, akajifunika kitenge kuanzia utosini hadi kifuani, kama maiti mkaidi. Chini ya kitenge alikuwa akihesabu ngoro zake, lakini hilo halimhusu mtu. Likaja joto, tumbo likasokota kama la siku zake, likaachia. Kwisha.

Jastin, macho darini, akamwambia arudi kupimwa tena baada ya mwaka. Kisha akababaika: kwa wiki kadhaa, yeye na baba, walale kila mtu upande wake.

"Hayo kamwambie mume wangu Bernadi mwenyewe," alisema Walburga akishuka. "Mimi yangu nimemaliza."

Akatoka mabega wazi, mvua ikianza. Getrude akamuuliza kwa kunong'ona kitenge kiko wapi.

"Nimekitundika kwenye msumari kule ndani," akajibu, kwa sauti ya kutosha benchi lote. "Ni cha ukoo sasa. Mwenye haya ajifunike uso, alale."

Akaenda zake kumalizia ngoro.