Kiti cha Mteja

Mke wangu anasikiliza watoto wa watu tangu nimfahamu. Shuleni kwake mwanafunzi mwenye lake moyoni hupelekwa kwake, na mtaani wote wanamwita Mwalimu, hata mimi. Mwanetu alipofariki mwaka juzi, kwa homa iliyomchukua upesi, mke wangu alirudi kazini kabla udongo wa kaburi haujakauka. Hakulia. Jina la mtoto likawa halitajwi nyumbani, na mimi, fundi friji nisiye na maneno, nikaona heri iwe hivyo.

Kisha akasema anataka kuwa mshauri nasaha wa kweli, mwenye cheti.

"Si unashauri kila siku?" nikamuuliza.

"Nashauri kwa kubahatisha."

Kumbe shahada yake ya ualimu ilikuwa mlango tu. Ikafuata stashahada ya ushauri nasaha, saikolojia, maadili ya kazi, kisha mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi anayekaa pembeni akitazama hata unavyokunja mikono. Yote alifaulu. Kuuliza bila kuhoji kama polisi, kunyamaza mtu anapolia: alijizoeza kwangu jikoni mpaka nikatamani anigombeze kama zamani.

Kilichobaki ni kiti. Chuo kile hakimpi mtu cheti mpaka naye akae kwenye kiti cha mteja, mbele ya mshauri mzoefu, aseme linalomsumbua. Vipindi vya mwanzo mke wangu alikaa kimya. Siku moja akarudi mwepesi, akaanza kunipigia pasi shati.

"Leo nimeongea," akasema.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia nimefiwa na mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Na nimelia kweli."

Mama mkwe alikuwa mzima kabisa, huko kwake mbali, akilalamikia magoti na kugombana na majirani. Nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikakasirika.

"Njia ya mwongo ni fupi, Mwalimu."

"Ya mama ni ndefu, na magoti hayamruhusu."

Magoti yalimruhusu. Siku ya mahafali mama mkwe alishuka kwenye basi bila hata kupiga simu, maana mtoto hasomi hivyo halafu mama abaki nyumbani. Tulimkuta mke wangu amevaa joho, cheti mkononi, amesimama na yule mshauri wake.

"Mama," mke wangu akasema. Neno lilikuwa limeshamtoka.

Mshauri alimtazama mke wangu, akamtazama mama mkwe, kisha akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyekuwa unakaa naye mkiongea?" Akamshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Tangu azike mtoto wake hajatufungulia mdomo, si mimi, si mumewe huyu. Nikasema afadhali kwako amesema."

Yule mshauri hakuwa amesikia habari ya mtoto yeyote. Nilimwona akielewa. Angeweza kumuumbua mke wangu palepale, lakini siri ya mteja ni siri hata ikiwa ya uongo.

"Yanayosemwa chumbani kwangu yanabaki chumbani, mama," akasema, akaenda zake.

Mama mkwe akaridhika. Mke wangu alivua joho watu wakiwa bado wanapiga picha. Shuleni kwao walikuwa wamemwekea nafasi ya mshauri, naye alikuwa ameililia muda mrefu. Aliikataa, wakampa mwingine.

"Siwezi kumkalisha mtoto wa mtu kwenye kiti nilichodanganyia," aliniambia.

Niliumia kwa ajili yake, na nilimwonea hasira pia, kwa miaka yote ile ya kusoma. Wiki iliyofuata alikwenda kwa yule mshauri, akamrudishia cheti, akaomba kukaa tena kwenye kiti, safari hii bila kutafuta sahihi ya cheti.

Alirudi na macho mekundu. Nikampakulia chakula. Tulipokuwa tunakula akalitaja jina la mwanetu, polepole, kama anayeonja chai ya moto. Akalitaja tena. Kisha akaweka kijiko chini, akanitazama, akanyamaza vile walivyomfundisha kunyamaza, akingoja na mimi niseme.

Niliinuka, nikamwambia kuna friji ya mtu inanisubiri.